Kristo upande wa mbele: solidi ya Justinian II na dinari ya mwaka 77 wa Hijria

Sarafu yenyewe, solidi ya dhahabu, ina upana wa milimita 20 hivi na uzito wa gramu 4.4 na ushee. Upande wa mbele una uso wa Yesu Kristo. Nywele ndefu zimeshuka mabegani, ndevu zimejaa, na nyuma ya kichwa mikono ya msalaba imejitokeza. Mkono wa kulia umeinuliwa kubariki, wa kushoto umeshika Injili. Maandishi ya Kilatini yaliyouzunguka uso huo yanamtaja kuwa Mfalme wa wote wanaotawala. Ukiigeuza ndipo unapomkuta mwenye dola, Justinian II, Kaisari wa Warumi wa Mashariki aliyekaa Konstantinopoli, amesimama wima, amevaa vazi la kifalme lililozungushwa mwilini, ameshika msalaba uliosimikwa juu ya ngazi. Huko nyuma maandishi yanamwita mtumishi wa Kristo.

Kwa karibu miaka mia saba upande wa mbele wa dhahabu ya Roma ulikuwa mahali pa Kaisari. Wengine walijiweka pamoja na miungu yao, wengine na wana wao, lakini kwa kawaida kiti cha mbele hakikutoka kwa jamaa wa kifalme. Justinian aliondoka mbele, akaenda kusimama nyuma. Kwa mkusanyaji wa dhahabu ya kale yenye alama za Kikristo, hii ndiyo sarafu inayotafutwa kuliko zote za karne ya 7.

Sarafu hii haina mwaka. Wataalamu wengi huiweka kati ya 692 na 695. Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya mpaka, Khalifa Abdul-Malik bin Marwan wa Bani Umayya, aliyekaa Dameski, alianza kutoa dinari, yaani sarafu ya dhahabu, yenye picha ya khalifa aliyesimama na mkono kwenye mpini wa upanga. Dinari hizo zina tarehe: mwaka 74 hadi 77 wa Hijria, yaani 693 hadi 697. Kisha mwaka huohuo wa 77 akafuta picha zote. Dinari ikabaki maandishi matupu, na ikabaki hivyo kwa karne nyingi.

Simulizi inayopendwa na wengi ni kwamba Justinian alichokoza na Abdul-Malik akamjibu. Ni simulizi tamu, na ina ukweli ndani yake. Lakini ukiziweka sarafu zenyewe mezani kwa mpangilio wa miaka, utaona kuna zaidi ya hapo, na hilo linabadilisha hata namna ya kuzikusanya.

Tuanze na kilichotangulia. Alama za Kikristo hazikuanza na Justinian. Kaisari Constantine, aliyeanzisha sarafu hii ya dhahabu iitwayo solidi mwanzoni mwa karne ya 4 kwa kipimo cha sarafu 72 kwa ratili moja ya Kirumi, aliwekewa herufi mbili za mwanzo wa jina la Kristo kwenye kofia yake ya vita katika medali ya fedha iliyofuliwa Ticinum, Italia, mwaka 315. Ni alama ndogo, asiyeitafuta haioni. Huku Afrika, Mfalme Ezana wa Aksum, dola ya kale ya Ethiopia na Eritrea za leo, aliondoa mwezi mwandamo na duara lake kwenye dhahabu yake, akapanga misalaba katikati ya maandishi. Hiyo nayo ni karne ya 4, na kila panapozungumzwa misalaba kwenye dhahabu Aksum inastahili kutajwa mapema, jambo linalosahaulika mara nyingi. Miaka ya 420, chini ya Kaisari Theodosius II, malaika wa ushindi akaanza kushika msalaba mrefu. Kaisari Tiberius II, aliyetawala kuanzia 578, akausimika msalaba peke yake juu ya ngazi upande wa nyuma wa solidi, na picha hiyo ikawa ya kila siku. Kwa miaka mia moja iliyofuata, mlipa kodi wa Misri au Sham (Syria na nchi jirani) aliyeshika dhahabu aliujua vizuri msalaba ule.

Kristo mwenyewe alikuwa ameonekana mara chache, na kwa shughuli maalumu. Mwaka 450 Kaisari Marcian alipomwoa Pulcheria ilifuliwa solidi ya harusi, Kristo akiwa amesimama katikati ya bwana na bibi harusi kama anayewafungisha ndoa. Inayojulikana ni moja tu, nayo iko Glasgow katika jumba la makumbusho la Hunterian, ikitokana na mkusanyo wa daktari William Hunter aliyefariki 1783. Ile ilikuwa sarafu ya sherehe, wala uso wa Kristo haukuwa umeichukua nafasi ya Kaisari. Ya Justinian ilikuwa fedha ya matumizi.

Sasa tuvuke mpaka. Waislamu walipoichukua Sham katika miaka ya 630 hawakuja na dhahabu yao. Watu waliendelea kununua, kuuza na kulipa kodi kwa solidi za Warumi, na zilizokuwa zikiingia kwa biashara zilipokelewa bila shida. Kuna habari moja ndogo katika kitabu cha historia kilichoandikwa kwa Kisiriaki na Wamaroni, Wakristo wa Sham walioishi karibu na wakati wenyewe: Muawiya, khalifa wa kwanza wa Bani Umayya, alifua dhahabu na fedha, lakini haikukubaliwa kwa sababu haikuwa na msalaba. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi, kwa maana inafafanua mengi. Msalaba kwenye dhahabu haukuwa jambo la dini peke yake. Ulikuwa dhamana. Mtu wa sokoni aliutazama kama sisi tunavyotazama uzi wa usalama kwenye noti.

Kwa hiyo waliofuata walikwenda polepole. Walichukua solidi ya Kaisari Heraclius, ile yenye watu watatu waliosimama, baba na wanawe wawili, wakaiiga. Kwa mbali ni ileile. Ukiisogeza karibu unaona mambo: misalaba midogo juu ya mataji imetoweka, na ile ya juu ya matufe wanayoshika imetoweka pia. Upande wa nyuma ngazi zipo, nguzo ipo, lakini mikono ya msalaba imekatwa, kumebaki nguzo yenye kitu cha mviringo kileleni. Fundi alijua fika anachokifanya. Alitaka sarafu ikubalike mkononi mwa aliyezoea ya zamani, na papo hapo isibebe kile ambacho bwana wake hakukiamini. Baadaye yakaongezwa maneno ya Kiarabu kuzunguka ile nguzo: hapana mola ila Mwenyezi Mungu, Muhammad ni mtume wake. Wale watu watatu wa Kirumi wakabaki wamesimama upande wa pili.

Hapo ndipo ugomvi unapoingia. Vyanzo viwili vinausimulia, kila kimoja kwa upande wake. Theophanes, mtawa wa Kirumi aliyeandika zaidi ya miaka mia moja baadaye, anasema Abdul-Malik alikuwa akimlipa Kaisari kila siku dhahabu 1,000, farasi mmoja na mtumwa mmoja. Halafu Justinian akaikataa dhahabu iliyoletwa kwa kuwa ilikuwa na chapa mpya isiyojulikana, akavunja mapatano, na majeshi yakakutana Sebastopolis, Asia Ndogo, karibu na mwaka 692. Waarabu, asema, waliutundika mkataba uliovunjwa kwenye mkuki na kuutanguliza mbele ya jeshi. Waslavi wengi waliokuwa upande wa Kaisari walihama wakati wa vita, naye akashindwa.

Al-Baladhuri, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, anaanzia kwenye karatasi za mafunjo. Misri ndiyo iliyokuwa ikizitengeneza na kuziuza kwa Warumi, na kichwani mwake ziliwekwa alama za Kikristo. Abdul-Malik akaamuru ziandikwe "Sema: Yeye ni Mungu mmoja." Kaisari akakasirika, akatishia kwamba kama hayataondolewa basi dinari zitakazotoka kwake zitakuja na maneno ya kumtukana Mtume. Khalifa alifadhaika. Aliyempa shauri ni Khalid bin Yazid, mjukuu wa Muawiya: piga marufuku dinari zao, fua zako.

Hadithi mbili hizi zimewapa watu mfuatano mmoja ulionyooka: karatasi, tishio, Kristo kwenye dhahabu, khalifa mwenye upanga, halafu maandishi matupu. Mimi nina mashaka matatu na mfuatano huo.

La kwanza ni fedha za Uajemi. Maneno "Muhammad ni mtume wa Mungu" yalionekana kwenye dirhamu, sarafu za fedha, za mji wa Bishapur mwaka 66 wa Hijria, yaani 685 au 686. Wakati huo Justinian alikuwa ndiyo kwanza ameshika utawala, na sarafu yake ya Kristo ilikuwa bado miaka sita au zaidi. Aliyezitoa alikuwa liwali wa upande wa Abdullah bin Zubair, yule aliyejitangaza khalifa huko Makka na kupingana na Bani Umayya mpaka alipouawa mwaka 692. Kwa hiyo wazo la kuandika imani kwenye sarafu lilizaliwa ndani ya ugomvi wa Waislamu kwa Waislamu, kila upande ukitaka kuonyesha kwamba wenyewe ndio wenye haki ya kuongoza umma. Abdul-Malik alipolichukua wazo hilo alikuwa akiwajibu watu wa Makka na Iraki kabla ya kumjibu mtu yeyote wa Konstantinopoli.

Hata ile kodi ya dhahabu 1,000 kwa siku inaeleweka vizuri zaidi hapa. Abdul-Malik aliilipa kwa sababu alikuwa na vita nyumbani, hakutaka kupigana na Warumi na huku bin Zubair yuko mgongoni. Baada ya 692 sababu hiyo haikuwapo tena. Iwe chapa ilikuwa mpya au ya zamani, mapatano yale yasingedumu.

Shaka la pili liko upande wa Justinian. Mwaka 691 na 692 maaskofu walikutana katika ukumbi wa jumba lake la kifalme, katika mtaguso uitwao wa Trullo. Kanuni yake ya 82 iliagiza kwamba Kristo asichorwe tena kwa mfano wa mwanakondoo, bali kwa umbo lake la kibinadamu. Sarafu inayomwonyesha Kristo uso kwa uso, mtu mwenye nywele na ndevu, inakaa vizuri kabisa karibu na kanuni hiyo. Anayetaka kuona sura ya namna hiyo kwa rangi aitazame ile picha ya Kristo ya karne ya 6 iliyotunzwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina kule Sinai: mtazamo uleule, Injili ileile mkono wa kushoto. Justinian alikuwa na maneno ya kuwaambia Wakristo wake: kwamba yeye ni mtawala aliyewekwa chini ya Mtawala. Dameski haikuhitajika ili aseme hayo.

La tatu ndilo linaloniridhisha kuliko yote, nalo ni la tarehe tu. Mwaka 695 Justinian alipinduliwa na jemadari Leontius, akakatwa pua na kupelekwa uhamishoni Cherson, Krimea. Leontius alirudisha solidi ya zamani: uso wa Kaisari mbele, msalaba juu ya ngazi nyuma. Kwa maana hiyo dinari ya maandishi matupu ilipotoka mwaka 696 au 697, ile sarafu ya Kristo ilikuwa haifuliwi tena. Zilizokwisha kutoka zilikuwa bado mikononi mwa watu, sikatai. Lakini anayedai kwamba hatua kubwa kuliko zote za Abdul-Malik ilikuwa jibu kwa picha ya Justinian ana kazi ya kueleza kwa nini jibu lilikuja baada ya mwulizaji kuondoka.

Kuna mahali ambapo naona hoja ya kujibizana ina nguvu kweli, napo ni kwenye dinari ya khalifa aliyesimama. Ilinganishe na upande wa nyuma wa solidi ya Justinian. Huku mfalme amesimama kwa vazi lake la kifalme, ameshika msalaba juu ya ngazi. Huku khalifa amesimama kwa nguo ndefu, ameshika mpini wa upanga, na ukigeuza unakuta ngazi zilezile na nguzo isiyo na mikono. Justinian anajiita mtumishi wa Kristo; kwenye sarafu za shaba za aina hiyohiyo Abdul-Malik anajiita mja wa Mungu, amiri wa waumini. Mafundi na wakubwa wa pande zote mbili walikuwa wakiangaliana, hilo sina shaka nalo. Ni nani aliyemtazama mwenzake kwanza, sarafu isiyo na mwaka haiwezi kutuambia.

Tuje kwenye dinari ya 77. Mbele, katikati, mistari mitatu: hapana mola ila Allah, peke yake, hana mshirika. Pembeni yake, kwa duara: Muhammad ni mtume wa Allah, amemtuma kwa uongofu na dini ya haki ili aishindishe juu ya dini zote. Nyuma, katikati: Allah ni mmoja, Allah ndiye mkusudiwa, hakuzaa wala hakuzaliwa. Pembeni: kwa jina la Allah, dinari hii imefuliwa mwaka wa sabini na saba. Jina la khalifa halipo. Jina la mji halipo. Msomaji aliyelelewa na Kurani anaijua aya ile ya nyuma tangu chuoni, na akiwa na sarafu ya Justinian kando yake hahitaji kuelezwa kwa nini ilichaguliwa ile. Maneno yaleyale ya kukana kwamba Mungu ana mwana yameandikwa pia ndani ya Kuba ya Mwamba pale Yerusalemu, jengo lenye tarehe ya mwaka 72, pamoja na maneno yanayowaita watu wa Kitabu na kumtaja Isa mwana wa Mariamu. Huo ulikuwa ujumbe wa serikali nzima, kwenye mawe na kwenye dhahabu.

Uzito nao ulibadilika, na hapa wakusanyaji wengi hupita haraka mno. Dinari mpya ilikuwa na gramu 4.25. Ni pungufu kidogo ya solidi, lakini kidogo hicho kinatosha kuzitenga mizanini. Mtu akilipwa kwa kuhesabu sarafu asingeweza tena kuchanganya mbili hizo bila kupata hasara au faida. Dirhamu za fedha zilifuata mara moja, na katika miaka hiyohiyo Kiarabu kilikuwa kinachukua nafasi ya Kigiriki na Kiajemi kwenye vitabu vya hazina. Kwa hiyo mimi naiona dinari ya 77 kuwa kazi ya mtawala aliyemaliza vita vya ndani na kuanza kuunganisha nchi kwa mizani moja, maandishi mamoja na tamko moja la imani.

Justinian alirudi. Mwaka 705 aliingia tena Konstantinopoli na kutawala hadi alipouawa mwaka 711, na alimrudisha Kristo kwenye dhahabu, ila kwa sura nyingine kabisa: uso mwembamba, nywele fupi zilizosokotana, ndevu chache. Kwa nini alibadilisha, kila mtaalamu ana jibu lake. Kwa mkusanyaji ni bahati, kwa sababu enzi mbili za mtu mmoja zinatofautishwa kwa kutupa jicho mara moja. Katika enzi hii ya pili Kaisari yuko nusu mwili, ameshika tufe lenye neno la amani, na baadaye yuko pamoja na mwanawe mdogo Tiberius, msalaba katikati yao. Baada ya hapo Kristo akatoweka kwenye sarafu kwa zaidi ya miaka 130, kipindi ambacho sehemu kubwa yake ilitawaliwa na ugomvi wa picha takatifu. Picha ziliporudishwa makanisani mwaka 843, dhahabu ya Kaisari Michael III ikamrudisha Kristo, na mafundi waliichukua ile sura ya kwanza ya Justinian, ya nywele ndefu.

Sasa, anayekusanya afanye nini na kisa hiki? Kwanza aache kuzigawa sarafu hizi katika masanduku mawili, la Kikristo na la Kiislamu. Wauzaji huzigawa hivyo, minada huzigawa hivyo, na matokeo yake kuna watu wenye solidi nzuri ya Justinian ambao hawajawahi kuitazama dinari ya 77 kwa makini, na kinyume chake. Sarafu ya kuiweka kando ya Kristo wa Justinian ni ile iga ya Heraclius yenye msalaba uliokatwa mikono. Bila hiyo katikati, kisa hakisomeki.

Pili, ajue anachokishika. Solidi ya Justinian yenye Kristo huuzwa kwa maelfu ya dola, na penye bei hiyo waghushi hawakosekani. Solidi ya kweli ilifuliwa kwa kugongwa kati ya kalibu mbili, yaani vyuma vilivyochongwa picha, haikumiminwa. Herufi zake zina kingo kali, na uwanja ulio kati ya herufi na picha huwa na mng'ao wa dhahabu iliyotanuka kwa nguvu ya nyundo. Iliyomiminwa huonyesha vitundu vidogo vidogo kwenye kioo cha kukuzia, na mikunjo ya nywele za Kristo huwa imelegea kama iliyopakwa nta. Iliyotumika kweli huanza kulika pua na ndevu za Kristo, kwa kuwa ndipo palipoinuka. Pua ikiwa imelika na mistari ya nywele za pembeni nayo imelika sawasawa, jiulize. Pindua sarafu ili juu yake pawe chini: kwa kawaida kazi ya Konstantinopoli humsimamisha Kaisari wima. Ukiigeuza kwa ubavu, atakuwa kichwa chini. Ukingo nao utazamwe pande zote. Nyingi zilipunguzwa kwa mkasi zamani zile, na nyingine zilitiwa kikuku zikavaliwa shingoni, kikaondolewa baadaye na sonara. Hapo huachwa alama ya moto au ya tupa. Kipimo cha uzito ndani ya maji kinasaidia pia, maana dhahabu ya Konstantinopoli ilikuwa karibu safi kabisa, lakini mghushi mwenye akili hutumia dhahabu ya kweli, kwa hiyo usilale kwa kipimo hicho peke yake. Linganisha kalibu. Mikusanyo ya Dumbarton Oaks kule Washington, British Museum na Barber Institute ya Birmingham imechapishwa kwa picha, na ndiyo shule bora ya macho.

Tatu, na hapa sina mzaha hata kidogo, aulize sarafu imetoka wapi. Dhahabu ya enzi hii hufukuliwa Sham, Palestina, Kupro, Uturuki. Tangu mwaka 2011 Syria imechimbwachimbwa na waporaji, na sarafu ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kufichwa mfukoni. Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni ndio mpaka ambao majumba mengi ya makumbusho huufuata: kitu kiwe na ushahidi kwamba kilikuwa tayari nje ya nchi yake kabla ya mwaka huo, au kilitoka kihalali baadaye. Katalogi ya mnada wa zamani yenye picha ya sarafu ileile ni ushahidi. Maneno ya "ilikuwa ya mkusanyaji mzee wa Ulaya" si ushahidi. Sarafu ikitolewa ardhini usiku na mtu asiyeandika kitu, tunapoteza ni sarafu zipi zilikuwa pamoja nayo katika chungu kimoja, na habari hiyo ndiyo ingeweza kutuambia lililotangulia kati ya Kristo wa Justinian na khalifa mwenye upanga. Yaani swali lote la kisa hiki lingeweza kujibiwa na chungu kimoja kilichochimbwa vizuri. Kwa hiyo isiyo na karatasi mimi siinunui, hata kwa nusu bei.

Msomaji wa pwani yetu ana njia yake ya karibu kuingia katika kisa hiki. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimiya, makhalifa waliotawala Misri. Dinari hizo, na sarafu za masultani wa Kilwa baada yake, hazina picha ya mtu. Ni majina na maneno tu, na shaba za Kilwa zina maneno ya upande mmoja yanayopatana vina na ya upande wa pili, kama shairi. Desturi hiyo ya sarafu ya maandishi ilianza na uamuzi wa mwaka 77. Dhahabu ya Kilwa yenyewe ni adimu kupita kiasi. Zilizochapishwa na wataalamu ni tatu, za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14.

Wasioweza bei ya dhahabu wasikate tamaa. Ugomvi huohuo uliandikwa kwenye shaba. Fulusi, yaani sarafu za shaba, za khalifa aliyesimama zilifuliwa katika miji mingi ya Sham, Halab, Hims, Qinnasrin na mingineyo, nazo hupatikana kwa sehemu ndogo sana ya bei ya dinari. Zina nguzo ileile juu ya ngazi, na nyingi zina jina la mji, kitu ambacho dinari ya Abdul-Malik haina. Pamoja nazo tafuta shaba za Sham za kabla yake, zenye mfalme wa Kirumi na msalaba mkononi, na jina la mji kwa Kigiriki upande mmoja na kwa Kiarabu upande wa pili. Shaba mbili hizo, zikiwa na karatasi zake, zinamfundisha anayeanza zaidi ya solidi moja iliyokaa peke yake.